Damu ya Kwenu

Jumatatu, 14 Julai

Leo nimeingia mada ya mageuko. Kidato cha nne, mkondo B, baada ya chai, saa ambayo nusu ya darasa husinzia. Nimeandika kichwa cha mada ubaoni tu, usingizi ukaisha. Mikono ikawa juu kabla sijageuka. Swali lile lile la kila mwaka: kama mtu ametoka kwa nyani, mbona nyani bado wapo?

Nikajibu kama kila mwaka. Hatukutoka kwa nyani hawa wa leo, ila sisi na wao tuna babu mmoja wa zamani sana. Wewe na binamu yako mna babu mmoja, na binamu yako hajatoweka kwa sababu wewe upo. Mmoja wa nyuma akasema binamu yake kweli anafanana na nyani. Darasa likavunjika.

Binti wa mchungaji hakucheka. Huyu hukaa mbele, kalamu nyekundu kwa vichwa, bluu kwa maelezo. "Mwalimu, wewe mwenyewe unaamini?" Nikamwambia tutalifikia hilo. "Liko ukurasa wa ngapi?" Mtoto huyu!

Kwangu hakujawahi kuwa na ugomvi. Jumapili naimba besi kwaya, Jumatatu nafundisha Darwin. Watu wanadhani lazima kichwa kiume. Hakiumi.

Jumatano, 16 Julai, alfajiri

Dada kapiga saa sita usiku. Sauti yake ikiwa ndogo vile, najua. Bodaboda hadi hospitali. Bwana Mdogo, mwanawe, kakunjika kitandani, magoti kifuani, halii tena, anagugumia tu. Miguu, mgongo, na sasa kifua. Damu ni 5. Dripu, dawa ya maumivu, wanatafuta chupa ya damu. Macho yamekuwa ya njano kabisa.

Miaka saba. Anajua majina ya sindano zake.

Dada amekaa na kanga begani, hajavaa hata kandambili zinazofanana. Shemeji yuko safarini, gari la mizigo, Kahama. Mama mkwe wake amefika kabla yangu, na amefika na maneno. "Kwetu hakuna ugonjwa huu. Hii ni damu ya kwenu." Aliyasema mbele ya nesi. Dada hakujibu. Nami nikanyamaza, maana yule ni mtu mzima na mahali penyewe ni wodini. Lakini nilikuwa nauma meno.

Selimundu haiji kwa upande mmoja. Lazima baba atoe na mama atoe. Nimelifundisha hili miaka yote hii, na usiku wa leo limenikwama kooni.

Alhamisi, 17 Julai

Sijalala vizuri, lakini kipindi ni kipindi. Tarehe imenisaidia: 17 Julai 1959, Oldupai, Mary Leakey alitoka na mbwa wake akaona mfupa na meno yamechungulia mteremkoni. Mumewe Louis alikuwa kambini, homa imemlaza. Fuvu la Zinjanthropus, miaka milioni 1.75. Wanafunzi walipenda hasa hiyo ya mzee kulala na mama kuokota. Wasichana walipiga makofi.

Nikawaongezea kwamba Louis alizaliwa Kabete mwaka 1903, wazazi wake wamisionari wa Kianglikana. Mtoto wa misheni! Binti wa mchungaji akaacha kuandika, akaniangalia. Kisha akaandika kwa nyekundu.

Bwana Mdogo kawekewa damu. Leo amekunywa uji.

Jumamosi, 19 Julai

Mwaloni, Kirumba, mapema. Harufu ya dagaa mpaka kwenye nywele. Nilikuwa natafuta furu. Wachuuzi wananishangaa: mwalimu mzima na furu, samaki wa chambo, wa watoto? Nimepata ndoo ndogo kwa mzee mmoja aliyevua tangu enzi za mitumbwi ya makasia. Akaanza kunitajia aina. Huyu hula konokono, ona taya. Huyu hukwangua majani kwenye mawe. Yule hula vitoto vya wenzake. Anawapanga kwa vinywa vyao, sawasawa na wataalamu, na hajui kwamba kuna wataalamu. "Zamani walikuwa wengi, Mwalimu. Sangara kawamaliza." Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950; kufikia miaka ya 1980 furu walikuwa wameporomoka, na aina nyingi hazijaonekana tena.

Nikamuuliza: hawa wote wametoka wapi? Akasema, Mungu. Nikasema ndiyo, lakini walitoka wapi. Akasema, ziwani. Tukacheka wote wawili.

Ziwa lenyewe lilikauka, miaka kama 15,000 iliyopita. Majani mahali hapa tunapopitisha meli. Maji yaliporudi wakaja furu wachache, na katika muda huo mfupi (mfupi kwa mawe, si kwetu) wakagawanyika aina zaidi ya 500. Huku kwenye ghuba yetu ya Mwanza, visiwani, kuna wawili wanaokaribiana mno. Mmoja anakaa juu, dume lake la bluu. Mwingine anakaa chini zaidi, dume jekundu. Maji yetu yana tope, ukishuka mwanga wa bluu unafifia, unabaki mwekundu. Na macho ya yule wa chini yamekaa kuona wekundu. Jike humchagua dume anayemwona vizuri. Basi. Hivyo tu, kizazi baada ya kizazi, wamekuwa samaki wawili. Watafiti walilichapisha mwaka 2008, na ni hapa, mtu unaona kwa boti.

Yule mwekundu kwa kitaalamu anaitwa Pundamilia nyererei. Amepewa jina la Mwalimu Nyerere, ambaye alikaa akaziweka Injili zote nne katika utenzi. Nimetembea na hili kichwani njia nzima, ndoo mkononi, natabasamu mwenyewe kama chizi.

Jumapili, 20 Julai

Mahubiri: Mwanzo, sura ya kwanza. Na mhubiri mgeni. "Wako wanaowafundisha watoto wetu kwamba babu zao ni nyani!" Amina za nguvu. Wenzangu wa besi wakanikanyaga mguu.

Sikuudhika. Nilichoka tu. Kama ni Mwanzo, tuisome basi: jua linaumbwa siku ya nne. Siku tatu za kwanza zilihesabiwa kwa nini? Si swali langu. Zaidi ya miaka 1,600 iliyopita Agostino, askofu wa Hippo, Mwafrika wa Algeria ya leo, aliandika kwamba siku zile si siku kama hizi zetu. Tena akawakemea Wakristo wanaosema upuuzi kuhusu nyota na wanyama mbele ya watu wanaojua, wakaiaibisha imani. Kitabu cha mtakatifu! Hakisomwi mimbarini kwetu.

Mchana hospitali. Mama mkwe alikuwepo kanisani. Akaniuliza, mbele ya dada, "Mwalimu, na wewe unafundisha hayo ya nyani?" Nikasema ndiyo, mama. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepata jibu la jambo jingine kabisa. Ameunganisha. Nyani, mimi, damu ya kwetu, mtoto.

Jumatatu, 21 Julai

Tumepasua furu. Vikundi vya watano, makaratasi ya gazeti, viwembe. Kelele, lakini kelele nzuri. Walilinganisha meno ya ndani ya koo: ya mla konokono mafupi, butu, ya mwingine kama sindano. Yule wa binamu amechora vizuri kuliko wote, sikutegemea.

Mkuu wa shule alipita dirishani. "Mwalimu, harufu." Halafu kwa sauti ya chini: kuna mzazi amepiga simu. Fundisha, lakini usiwaudhi watu.

Nisiwaudhi kwa furu?

Jumanne, 22 Julai

Maharage. Mekundu damu ya kawaida, meupe selimundu, yote mfukoni, chota mawili mawili bila kuangalia. Mawili meupe: mtoto mgonjwa, mweke pembeni. Mawili mekundu: rusha sarafu, ikilala kichwa malaria imemchukua. Jekundu na jeupe: huyo anapita. Kikundi kimoja nikawaambia kwao hakuna mbu, wasirushe sarafu.

Vizazi sita tu. Kwenye kikundi kisicho na mbu, meupe yakawa yanapungua, yanapungua. Kwa wenye mbu yakagoma kuisha. Nikawasimulia Anthony Allison, aliyekulia Kenya, aliyepima damu za watu huko mwaka 1949: pwani na kando ya ziwa hili hili, zaidi ya 20 katika kila 100 wana kinasaba hicho; nyanda za juu, kwenye baridi, hata 1 hafiki. Mwaka 1954 akachapisha jibu. Malaria. Mwenye kinasaba kimoja, kile kilichotoka kwa mzazi mmoja tu, malaria kali haimuui kirahisi. Mwenye viwili ndiye Bwana Mdogo.

Sikumtaja.

Kisha mkono wa mbele. "Kwa hiyo, Mwalimu, wale watoto wagonjwa wanakufa ili wengine wasife?"

Nikasema hakuna "ili". Hakuna aliyepanga. Ni hesabu: wanaopona wanazaa, basi. Akasema, "Lakini Mungu anajua hesabu." Akakaa.

Darasa kimya. Hakuna aliyecheka, hata yule wa nyuma. Nimefundisha mada hii miaka mingi nikijiandaa kwa swali la nyani. Swali la nyani ni rahisi, mtu analijibu huku anafuta ubao. Hili hapa ndilo, na ameliuliza mtoto wa miaka 17 bila hata kupandisha sauti.

Jumatano, 23 Julai

Nimewaza usiku kucha. Nijaribu kuandika.

Tukisema Mungu aliumba kila kitu kama kilivyo, moja kwa moja, basi na seli ile iliyopinda kama mundu aliiumba hivyo hivyo, kwa mkono wake, akaiweka mguuni mwa mtoto. Hilo siwezi kulisema mbele ya kitanda kile. Tukisema ilitokea, herufi moja ya kinasaba ikakosewa kunakiliwa zamani huko, ikasaidia, ikabaki, angalau hakuna mkono. Hakuna adhabu. Hakuna damu ya kwenu wala ya kwetu.

Lakini dada anataka mkono. Usiku ule wodini ameomba mpaka sauti imekauka, na aliyekuwa akiongea naye si hesabu.

Darwin alifiwa na Annie mwaka 1851, binti yake wa miaka 10. Kitabu chake cha mageuko kilitoka 1859. Ujanani alisomea kuwa kasisi, pale Cambridge. Toleo la pili, 1860, akaongeza neno Muumba kwenye sentensi ya mwisho kabisa. Aliongeza kwa nini? Wanaomchukia hawamwoni kama mzazi, na wanaompenda nao pia.

Ijumaa, 25 Julai

Majibu ya damu yametoka, yangu na ya dada. Mama alishapimwa zamani: AA. Mimi: AA. Dada: AS, yaani anacho kinasaba kimoja.

Basi ni baba.

Nimekaa kwenye benchi la maabara, karatasi mkononi, nikawa nacheka na machozi yanatoka. Baba! Ushuhuda wake kila Mwaka Mpya kanisani, tunaujua kwa moyo: bibi alizaa tisa Ukerewe, homa ikachukua mmoja baada ya mmoja, watano, "lakini mimi Bwana aliniacha, akanipitia juu." Mkono wake hewani, hivi. Watoto wengine hata matembe hayakuwasaidia, yeye homa ya siku moja, kesho yuko ziwani. Alikuwa nacho kimoja. Akampa dada, mimi sikupata.

Ndiyo maana malaria ilinigaragaza mimi utoto wote, na dada haikumgusa. Dada ndiye aliyekuwa akinibeba mgongoni hadi zahanati, mimi natetemeka, yeye mzima kama jiwe, ana miaka 10.

Jioni nikamwambia yote, nje ya wodi, karibu na bomba. Nikamchorea visanduku vinne nyuma ya bahasha. Akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mdogo wangu, mimi na nyani wako hatuna ugomvi. Mungu alimwokoa baba kwa njia hiyo. Sawa. Na mwanangu je, amemwokoa kwa ipi?"

Sikuwa na neno. Akanishika mkono, yeye ndiye akanifariji. Tukaingia ndani.

Jumapili, 27 Julai

Shemeji karudi, bado ana vumbi la barabara. Kapimwa jana, na majibu ni AS, kama ilivyotarajiwa na mtu yeyote mwenye penseli. Nilimchorea na yeye. Ni dereva, mtu wa maneno machache. "Kwa hiyo nusu ni yangu." Nikasema, nusu kamili. Na kila mimba ilikuwa hivyo hivyo, nafasi moja kati ya nne, bila kujali ya kwanza ilitokaje.

Akakunja bahasha akaiweka mfukoni mwa shati. Alikwenda kwa mama yake mwenyewe, sikuwepo. Najua tu kwamba saa kumi jioni yule mama alikuja na chupa ya uji wa ulezi, akampa dada kwa mikono miwili, akakaa mkeka mmoja naye. Hakuomba radhi. Alimsuka nywele.

Leo kanisani sikwenda. Nilikuwa wodini, nacheza karata na Bwana Mdogo. Ananiibia waziwazi.

Jumatano, 30 Julai

Mchungaji amefika shuleni. Suti, Biblia, kitabu cha biolojia cha binti yake chini ya kwapa. "Shikamoo, Mchungaji." "Marahaba, Mwalimu. Bwana asifiwe." Mkuu wa shule akatuachia ofisi, akakimbia kabisa.

Nilijiandaa kwa nyani. Hakuwataja. Alifungua Warumi, sura ya tano. Dhambi iliingia kwa mtu mmoja, na wokovu kwa mtu mmoja. "Sasa, Mwalimu, kama hakukuwa na huyo mmoja wa kwanza, kama ni kundi tu lililobadilika kidogo kidogo, nimwambie nini mtu ninayemzika?" Aliuliza kweli. Hakuwa anahubiri.

Hoja ya mtu mzima, hii. Nilimweleza kwamba wapo Wakristo wengi wanaokubali mageuko. Kwamba Papa Yohane Paulo wa Pili alisema mwaka 1996 kuwa nadharia hii ni zaidi ya dhana tu. "Huyo ni wa Wakatoliki," akasema. Ndiyo. Nikasema mimi nafundisha kinachoonekana kwenye mawe na kwenye damu, na sina kifaa cha kupima wokovu. Akaniomba niwaambie watoto pia habari ya uumbaji. Nikasema kipindi cha dini kipo Ijumaa. Akatabasamu kidogo: "Kipo, lakini hicho hawaogopi kukifeli."

Hapo kanishika.

Hatukukubaliana. Alipoondoka aliuliza habari za mpwa wangu. Binti alimwambia nimekuwa nakosa vipindi vya jioni. Ataomba, akasema. Nikasema asante, na ilikuwa asante ya kweli. Lakini nilimwambia pia: kila ndoa unayofungisha, Mchungaji, waambie kwanza wakapime. Nchi hii huzaliwa watoto kama 11,000 wa namna hii kila mwaka. Akatoa kalamu akaandika kwenye ukurasa mtupu wa mwisho wa Biblia.

Ijumaa, 1 Agosti

Bwana Mdogo katoka! Mwembamba, shingo kama ya bata, lakini njia nzima kwenye bajaji anaimba. Haidroksiyurea kila siku, foliki kila siku, maji mengi, baridi asiikaribie. Bei ya dawa tutagawana mimi na shemeji.

Anataka kuwaona furu wa rangi. Nani kamwambia? Mimi, kumbe, wakati wa karata.

Jumatatu, 4 Agosti

Nasahihisha majaribio. Mvulana wa binamu kapata 61, maajabu. Mmoja ameandika Darwin alizaliwa Oldupai.

Binti wa mchungaji: 94. Uteuzi asilia ameueleza kuliko kitabu. Mfano alioutoa si twiga, ni selimundu, na takwimu za Allison zote sawa. Chini kabisa, kwa penseli, kwa Kiswahili: "Nimeandika hivi kwa ajili ya maksi." Halafu mstari mwingine, umefutwa lakini unasomeka: "Ila ya maharage naamini."

Nimeweka vema kubwa kwenye jibu. Kwenye penseli sijui niandike nini. Nimeandika, nikafuta. Mstari wa kwanza unaniudhi, wa pili unanifurahisha, na ni wa mtu mmoja. Angekuwa hapa ningemuuliza maharage yanaishia wapi na mengine yanaanzia wapi.

Kesho narudisha karatasi. Kliniki ni saa mbili asubuhi, dada hawezi peke yake, basi nimwombe mwalimu wa kemia anishikie kipindi. Wabaki na swali la pili la mazoezi: kwa nini furu wa juu na wa chini huanza kuchanganyika maji yakizidi kuwa machafu. Wanaweza. Tope likizidi jike haoni rangi.